Figo Ipi Inayopandisha Presha?

Mwaka 1938 madaktari wawili wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, waliandika habari za mtoto wa kiume, Mmarekani Mweusi wa miaka mitano na nusu, mwenye presha ya kupanda. Figo yake moja haikuwa mahali pake. Badala ya kukaa juu, nyuma ya mbavu za mwisho, ilikuwa imelala chini kwenye nyonga. Wyland Leadbetter na Carl Burkland waliitoa figo hiyo, na presha ya mtoto ikashuka. Walipoukata mshipa uliokuwa ukiipelekea damu na kuutazama kwa hadubini, walikuta njia yake imezibwa na kinyama cha misuli laini kilichoota kwa ndani.

Ugonjwa ule ulikuja kupata jina miaka ishirini baadaye. Lakini ile habari ya presha iliyoshuka haikusubiri jina. Ilienea upesi kwa madaktari wapasuaji, na wengi wakasoma humo jambo moja tu: ukitoa figo mbovu, presha inapona. Wengi wao walivipa visu vyao figo zisizo na hatia kabla mtu hajauliza swali lililopaswa kutangulia, nalo ni hili: kati ya figo mbili, utajuaje ni ipi inayopandisha presha, na utajuaje kama ni figo kweli?

Mashaka juu ya figo yalikuwa na umri wa karne nzima. Richard Bright wa Guy's Hospital, London, alikuwa na desturi ya kuweka mkojo wa mgonjwa kwenye kijiko na kuupasha juu ya mshumaa. Mkojo ukiganda na kuwa mweupe, una protini, na figo zinavuja. Mwaka 1836 aliandika kwamba wagonjwa wa namna hiyo, wakifa na kupasuliwa, mara nyingi hukutwa na moyo ulionenepa misuli ingawa vali zake ni nzima. Akakisia kwamba kuna kitu kinachoulazimisha moyo kusukuma kwa nguvu dhidi ya mishipa midogo. Alikisia bila kipimo chochote cha presha, kwa kuwa mkanda wa mkononi tunaoujua leo ulitoka Italia kwa Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, Bright akiwa ameshazikwa zamani.

Miaka miwili baada ya mkanda huo, Robert Tigerstedt, Mfini aliyekuwa akifundisha Stockholm, pamoja na mwanafunzi wake Per Bergman, walitangaza jambo la ajabu. Walisaga figo za sungura, wakachukua maji yake, wakawadunga sungura wengine kwenye mshipa. Presha ilipanda. Kitu hicho wakakiita renini. Watu wakasoma, wakaguna, wakasahau. Tigerstedt mwenyewe aliendelea na kazi nyingine, na renini ikalala kwa karibu miaka arobaini.

Aliyeiamsha hakuwa akiitafuta. Harry Goldblatt alikuwa mtaalamu wa patholojia katika chuo kikuu cha Western Reserve, Cleveland. Kazi yake ilikuwa maiti, na katika maiti za watu waliokuwa na presha aliona kitu kilichomsumbua: mishipa ya figo ilikuwa imekakamaa na kuwa myembamba, hata pale ambapo mishipa mingine ya mwili haikuwa imeharibika sana. Wakubwa wa elimu ya wakati ule walisema presha ndiyo inayoanza na mishipa ya figo huharibika baadaye. Goldblatt akajiuliza kama mambo hayakwenda kinyume chake.

Alitengeneza kibano kidogo cha fedha chenye skrubu. Alimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, akampasua, akakivisha kibano kwenye ateri ya figo na kukikaza kiasi, bila kuifunga kabisa. Tabu ilikuwa kupima presha ya mbwa siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, akiwa macho na ametulia. Kwa hilo alitumia ufundi wa Mholanzi van Leersum: ateri ya shingoni huvutwa nje kidogo na kufunikwa kwa ngozi pande zote, ikabaki kama mpini shingoni, na mpini huo ndio unaozungushiwa mkanda mdogo wa kupimia. Mbwa akishazoea, anapimwa kama mgonjwa wa kliniki.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1934. Ukibana ateri ya figo moja, presha ya mbwa hupanda, kisha baada ya muda hushuka. Ukibana zote mbili, hupanda na kubaki juu. Ukikaza vibano mno, figo hufa na mbwa naye hufa kwa sumu ya mkojo iliyobaki mwilini. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mnyama mwenye presha ya kudumu iliyotengenezwa kwa makusudi, na kilichoitengeneza ni damu haba kwenye figo.

Athari hiyo inapitaje kutoka figo hadi mwili mzima? Jibu la swali hilo lilianzia Buenos Aires. Bernardo Houssay na Juan Fasciolo walichukua figo iliyokuwa imebanwa mshipa wake, wakaipandikiza kwenye shingo ya mbwa mwingine. Presha ya mbwa huyo ikapanda. Figo ile haikuwa na neva yoyote iliyoiunganisha na mwenyeji wake mpya, kwa hiyo ilikuwa ikimwaga kitu kwenye damu. Kundi la Eduardo Braun-Menéndez kulekule Argentina, na kundi la Irvine Page huko Indianapolis, wakakigundua karibu wakati mmoja na kila kundi likakipa jina lake. Waligombania majina hayo hadi 1958, walipokubaliana kuunganisha nusu ya jina hili na nusu ya lile, ndipo tukapata anjiotensini.

Utaratibu wenyewe, kwa ufupi, ni huu. Figo hupima msukumo wa damu inayoifikia. Mshipa wake ukiziba, figo haina njia ya kujua kwamba tatizo liko mlangoni kwake tu, inachukulia kwamba mwili wote umepungukiwa damu. Inamwaga renini. Renini hukata protini inayotoka kwenye ini na kuzaa anjiotensini, ambayo ikishakamilika hubana mishipa mwili mzima na kuuamuru mwili ushikilie chumvi na maji. Presha inapanda hadi figo yenye njaa ipate damu yake, na viungo vingine vyote vinalipia gharama.

Elimu ilikuwa nzuri. Matumizi yake ndiyo yaliyokuwa balaa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1930, mtu mwenye presha na figo moja iliyoonekana ndogo au yenye kovu alijikuta upesi kwenye meza ya upasuaji. Mwaka 1956 Homer Smith wa New York, mwanafiziolojia wa figo ambaye hakuwa na subira na madaktari wenye haraka, alikusanya ripoti za zaidi ya wagonjwa 500 waliotolewa figo kwa ajili ya presha. Walionufaika kwa muda wa kutosha walikuwa takriban robo. Na hizo ni zile zilizochapishwa. Daktari aliyetoa figo na presha ikabaki palepale hakuwa na hamu kubwa ya kuandika makala. Smith alionya kwamba kazi hiyo isimame isipokuwa pale penye sababu nyingine ya kutoa figo.

Nadhani Smith alikuwa sahihi, lakini onyo lake lilikuja wakati hali ilikuwa imeanza kubadilika, kwa sababu sasa mishipa ilikuwa inaonekana mtu akiwa hai.

Kuiona kulianzia Lisbon. Mwaka 1927 Egas Moniz alikuwa amepiga picha za mishipa ya ubongo kwa kuidunga dawa inayozuia mionzi ya eksirei. Miaka miwili baadaye mwenzake wa mji huohuo, Reynaldo dos Santos, akathubutu zaidi: alimlaza mgonjwa kifudifudi, akaingiza sindano ndefu mgongoni, kando ya uti, mpaka ndani ya aorta yenyewe, akasukuma dawa na kupiga picha. Matawi yote ya tumbo yakajitokeza kwenye filamu, na ya figo yakiwemo. Kudunga aorta kwa kukisia kulitisha, na damu ikivujia ndani mgongoni hakuna aliyeiona.

Aliyeondoa hofu hiyo ni kijana wa Uswidi. Sven Ivar Seldinger alizaliwa Mora mwaka 1921 na alikuwa akijifunza radiolojia katika hospitali ya Karolinska. Njia iliyokuwepo ya kupitisha katheta ndani ya ateri bila kupasua ilihitaji sindano nene, kwa sababu katheta ilipita ndani ya sindano, na tundu lililobaki lilikuwa kubwa. Seldinger alikuwa na vitu vitatu mezani: sindano, waya na katheta. Siku moja akaona mpangilio wao. Unadunga ateri ya kinenani kwa sindano nyembamba. Unapitisha waya ndani ya sindano. Unatoa sindano, waya unabaki ndani ya mshipa. Unaivisha katheta juu ya waya na kuisukuma ndani. Unatoa waya. Katheta sasa iko ndani ya ateri, tundu halizidi unene wake, na unaweza kuipandisha hadi mlangoni mwa figo. Alichapisha mwaka 1953. Alipofikiria kuifanya tasnifu ya udaktari, mkuu wake alimwambia jambo hilo ni dogo mno. Ikabidi aandike juu ya picha za mirija ya nyongo. Leo hii, mgonjwa anapowekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingo katika chumba cha wagonjwa mahututi popote duniani, mpangilio unaofuatwa ni ule wa Seldinger.

Picha zilipokuwa nyingi, ule ugonjwa wa mtoto wa Baltimore ukarudi. Mwaka 1958 Lawrence McCormack na wenzake wa Cleveland Clinic walieleza mishipa ya figo iliyojaa nyuzinyuzi na misuli kwenye kuta, ambayo haikuwa na mafuta wala chokaa ya uzee. Mwaka 1961 mwanaradiolojia Palubinskas na mpasuaji Edwin Wylie wa San Francisco wakaonyesha sura yake kwenye eksirei. Ukiwahi kuiona picha moja huisahau: ateri ya figo, badala ya kunyooka, imegawanyika vipande vilivyovimba na vilivyobanwa, kimoja baada ya kingine, kama shanga kwenye uzi. Mahali pa kubanwa ni pale tishu ngumu ilipoota, na panapovimba ni pale ukuta ulipodhoofu, kiasi kwamba shanga huwa nene kuliko mshipa ulivyokuwa kabla ya kuugua. Watu wa Mayo Clinic wakalikuza jina likawa displasia ya faibromaskula, na mwaka 1971 Harrison na McCormack wakapanga aina zake kwa kuangalia ni tabaka gani la ukuta limeharibika.

Mahali pa ugonjwa napo palikuwa na maana. Mafuta ya uzee huziba mlango wa ateri, pale inapochomoza kutoka kwenye aorta. Shanga hukaa katikati na mwishoni mwa ateri, ambako picha isiyopigwa vizuri haifiki. Na wagonjwa wenyewe wengi walikuwa wanawake wa umri wa kati, wengine vijana, wembamba, wasio na kisukari, wasiolingana kabisa na mgonjwa wa presha aliyekuwa kwenye vitabu.

Kuna mgonjwa mwingine wa aina hiyo ambaye picha zilimfichua, ingawa hadithi yake ilianzia machoni. Mwaka 1908 Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Kanazawa, alieleza mishipa iliyojiviringisha kama shada ndani ya jicho la mwanamke wa miaka 21. Wajapani wenzake walikuwa na wagonjwa wenye macho kama hayo ambao mapigo ya mkononi hayakushikika. Ugonjwa huo ni uvimbe wa aorta na matawi yake makubwa, na tawi la figo likishikwa presha hupanda vibaya. Barani Asia na huko Afrika Kusini, mtoto au msichana mwenye presha inayotoka kwenye ateri ya figo hupaswa kuchunguzwa ugonjwa huu mapema. Mtego wake ni kwamba ateri ya mkono ikiwa imeziba, mkanda husoma presha ya chini kumbe ndani ni moto. Ndiyo maana daktari mzoefu hupima mikono yote miwili, na miguu.

Turudi kwenye swali la awali, maana picha ilileta matatizo yake. Sasa madaktari waliona mshipa ulioziba na wakadhani wamemaliza kazi. Mwaka 1964 watafiti wa Mayo Clinic walichapisha uchunguzi wa maiti uliowaacha wengi midomo wazi: karibu nusu ya watu ambao walipokuwa hai hawakuwa na presha kabisa walikutwa na ateri za figo zilizoziba kwa kiasi cha kati au kikubwa. Kuziba peke yake hakukuthibitisha kitu. Ilibidi figo yenyewe itoe ushahidi.

John Eager Howard wa Johns Hopkins alikuwa ameshaanza kuudai ushahidi huo mwaka 1954. Kipimo chake kilikuwa cha mateso lakini kilikuwa na akili. Mgonjwa alipitishiwa mipira miwili kupitia kibofu, mmoja ndani ya kila ureta, ili mkojo wa figo ya kulia na wa kushoto ukusanywe mbalimbali. Figo inayokosa damu hushikilia maji na chumvi. Kwa hiyo ikiwa upande mmoja mkojo ni nusu ya mwenzake au chini ya hapo, na sodiamu yake imepungua, hapo ndipo penye lawama. Baadaye, renini ilipoanza kupimika, katheta zilipandishwa kwenye vena za figo na damu ya kila upande ikapimwa peke yake. Figo inayomwaga renini nyingi huku mwenzake imenyamaza imejitaja yenyewe. Nchini Marekani uchunguzi wa pamoja wa vituo kadhaa uliandikisha wagonjwa zaidi ya 2,400 wa presha, na ripoti zake zilizotoka miaka ya 1970 ndizo zilizowapa madaktari dalili za kutilia shaka: presha iliyoanza ghafla, presha kwa kijana asiye na ukoo wa presha, na mvumo unaosikika kwa stetoskopu juu ya kitovu au ubavuni.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa nyoka. Mbrazili Sérgio Ferreira alikuwa amegundua ndani ya sumu ya jararaca, nyoka wa nchi yake, kitu ambacho kilikuja kuonekana kwamba kinazuia kimeng'enya kinachokamilisha anjiotensini. Kutokana na njia hiyo David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb walitengeneza kaptoprili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Haikuchukua muda kukaonekana kisa cha kushtua. Wagonjwa wachache waliopewa dawa hiyo figo zao zilizimika ndani ya siku chache, na dawa ilipoachwa zikarudi. Ripoti ya 1983 ilieleza kwa nini: wote walikuwa na kuziba kwa ateri zote mbili, au ateri ya figo pekee waliyokuwa nayo. Figo zao zilikuwa zikiishi kwa msukumo wa anjiotensini, na dawa ikaukata. Tangu hapo daktari anayeanzisha dawa za jamii hii huagiza kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, baada ya wiki moja au mbili. Ikipanda sana, amegundua ugonjwa ambao hakuutafuta.

Kuhusu tiba nitasema kidogo. Andreas Grüntzig, Mjerumani aliyekuwa Zurich, aliyejulikana kwa kutengeneza puto zake jikoni nyumbani, alichapisha mwaka 1978 jinsi alivyoipanua ateri ya figo kwa puto lililopitishwa kwenye kinena, kwa njia iliyotokana na ya Seldinger. Kwa wagonjwa wa shanga hii ilikuwa nafuu kubwa: puto hupasua vizuizi, damu hupita, na figo hubaki mwilini. Wapo wanaopona presha kabisa, hasa walio vijana ambao presha haijakaa sana.

Kisha haraka ikarudi tena. Stenti, yaani vijibomba vya chuma vya kuushikilia mshipa wazi, zilipopatikana, madaktari wa miaka ya 1990 walianza kuziweka kwa wazee waliozibwa ateri na mafuta, maelfu kwa maelfu, wakiongozwa na picha. Majaribio mawili makubwa yakaja kuwapima: ASTRAL la Uingereza, lililochapishwa 2009 likiwa na wagonjwa 806, na CORAL la Marekani la 2014 likiwa na 947. Kwa wazee hao, stenti pamoja na dawa haikuzidi dawa peke yake. Homer Smith, aliyefariki 1962, angelitambua kosa hilo mara moja.

Cha kusikitisha ni kwamba majibu hayo yaliwaumiza wasiohusika. Madaktari wengi walihitimisha kwamba ateri ya figo haina haja ya kutazamwa tena, wakati mwanamke mwenye shanga hakuwemo kabisa kwenye majaribio hayo. Daftari la Marekani la wagonjwa wa displasia ya faibromaskula lilipotoa taarifa yake ya kwanza mwaka 2012, kati ya wagonjwa 447, asilimia 91 walikuwa wanawake, na wastani wa umri wakati wa kutambuliwa ulikuwa karibu miaka 52. Mbali na presha, walilalamika kichwa kuuma, na wengi walisikia sikioni mvumo unaokwenda sawa na mapigo ya moyo. Ni lalamiko ambalo ni rahisi kuambiwa ni mawazo, na wapo walioambiwa hivyo kwa miaka. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amewahi kuchanika ukuta wa ndani wa ateri. Daftari hilo lilionyesha pia kwamba ateri za shingoni hushikwa karibu sawa na za figo. Ndiyo maana makubaliano ya kimataifa ya 2019 yanataka kila mgonjwa apigwe picha walau mara moja kuanzia kichwani hadi nyonga.

Siku hizi mgonjwa huanza kwa ultrasaundi ya kupima kasi ya damu, au CT ya mishipa. Lakini katika ugonjwa wa shanga hata picha safi kabisa haisemi ni kiasi gani damu inazuiwa, kwa kuwa vizuizi ni vyembamba kama utando na vimefuatana. Kwa hiyo kabla ya kupanua, daktari hupitisha waya wenye kipimo na kulinganisha presha ya kabla ya shanga na ya baada yake. Kama hakuna tofauti ya maana, anatoa waya na kumwacha mgonjwa na dawa zake.

Na huenda ugonjwa huu si adimu kama ulivyodhaniwa. Watu wanaojitolea kutoa figo hupigwa picha za ateri ingawa ni wazima. Katika uchunguzi mmoja wa 1989 wa wachangiaji wa aina hiyo zaidi ya 1,800, takriban asilimia 4 walikuwa na shanga bila kujua. Vituo vya upandikizaji vimelazimika kujiwekea kanuni. Shanga zikiwa nyingi, au kwenye figo zote mbili, mtu huyo mara nyingi hukataliwa. Zikiwa chache na upande mmoja, vituo vingine hukubali, kwa sharti kwamba figo inayotolewa ni ile yenye shanga, na mchangiaji anabaki na ile safi.